Asubuhi Niliyokimbia Kwenye Msiba

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu nilipopanda kilima nikikimbia, na mama mmoja akaniona, akapiga nduru, akaanguka chini. Sikuwa nimemgusa wala kumwambia neno. Nilikuwa nafanya mazoezi tu. Mwanangu, vuta kiti ukae. Hadithi hii nimeikalia miaka mingi, na nisingeitoa leo kama si mjukuu wangu Mwende na mguu wake.

Mwende anafanya kazi ya ofisi huko Mavoko. Amekuja nyumbani kwa likizo ya Pasaka kifundo cha mguu kimevimba, kimefungwa bendeji. Daktari alimwambia apumzike, asikimbie wala kuruka mpaka uvimbe uishe. Juzi nilikuwa naenda kuangalia kuku, nikamkuta nyuma ya ghala la mahindi akirukaruka kwa mguu mmoja, ameshikilia ukuta, jasho linamtiririka. Saa yake ya mkononi ilikuwa inalia, eti inamkumbusha kwamba amekaa sana. Kuku wenyewe walikuwa wamesimama wanamshangaa.

"Susu, usinigombeze," akaniambia. Susu ndivyo tunavyoitwa sisi nyanya huku Ukambani. "Siwezi kaa tu hivi. Nikikosa siku moja naskia nikijichukia. Naskia ni kama kazi yote nimefanya imeenda bure."

Sikumgombeza. Ningemgombezaje, na maneno hayo niliyasema mimi, kwa mdomo huu huu, kabla hata mama yake hajazaliwa?

Leo mnaniona na bakora, mnadhani nilizaliwa nayo. Nilikuwa mwalimu kijana katika shule ya msingi ya huku kwetu, juu ya barabara inayotoka Kyumbi kwenda Machakos, na nilikuwa mkimbiaji. Watu walizoea kuniona barabarani na raba zangu, na wazee waliuliza kama mshahara wa serikali haunitoshi hata nauli. Walimu tulikuwa na mashindano yetu kila mwaka, na waliofanya vizuri walichaguliwa kwenda mkoani. Mwaka wangu wa kwanza, msichana mmoja mwembamba kutoka Matuu alinipita karibu kabisa na utepe, mimi nikiwa nimeshaanza kutabasamu. Niliporudi nyumbani nikaanza kutafuta sababu, nikaipata. Kulikuwa na siku moja ya mvua ambayo nilibaki kitandani. Basi nikaishika siku hiyo, nikaibebesha lawama zote, nikaapa kwamba haitapata mwenzake.

Tangu hapo nikawa mtumwa. Kila alfajiri nilishuka mpaka kwenye lami na kurudi, iwe mvua, iwe homa, iwe Krismasi. Niliposhikwa na malaria nikalazimika kulala, niliona aibu kama mtu aliyekula cha mwenzake. Tena nikwambie jambo ambalo lilinichukua muda kulielewa. Sikuwa napenda kukimbia tena. Nilikuwa naogopa kutokimbia, na mambo hayo mawili ukiyaangalia kwa mbali yanafanana sana.

Jirani yetu Mama Mutiso alikuwa na vijana wawili, Mutiso na mdogo wake Kioko. Kazi yao ilikuwa kupakia maembe Matuu na kuyasindikiza mpaka Nairobi. Siku moja lori lao likapinduka. Mutiso akafa papo hapo. Kioko akapelekwa hospitali ya Machakos mapaja yote mawili yamevunjika, hajui hata yuko wapi. Baba yao akabaki hospitalini akimlinda aliye hai, na mama akabaki nyumbani akimlilia aliyekufa.

Kwetu mtu akifa majembe huwekwa chini. Hakuna anayekwenda shambani mpaka maiti azikwe, na watu wote huenda kukaa na wenye msiba. Si lazima useme kitu cha maana. Unateka maji, unaosha sufuria, unakaa. Na ujue kwamba siku hizo simu za mkononi hazikuwako. Habari za Kioko zingeletwa na mtu kwa miguu, kutoka upande wa barabarani, akipanda kilima.

Siku ya kwanza nilikaa vizuri. Siku ya pili miguu ikaanza kuniwasha, maana mashindano yalikuwa yamekaribia, na kila nilipofumba macho nilimwona yule msichana wa Matuu akiwa mazoezini. Nikaanza kujitetea moyoni, na mwalimu akianza kujitetea hakosi hoja. Kilichokatazwa ni kulima, nikasema. Mimi sishiki jembe. Tena nitakwenda mapema, hakuna atakayeniona.

Kulipopambazuka nikatoka. Nikashuka, nikagusa lami, nikaanza kupanda. Mwili ulikuwa mwepesi, na ile sauti ya kunisuta ilikuwa imenyamaza kabisa. Sitakuficha, nilikuwa na furaha. Njia ya kurudi ilipita chini ya boma la Mama Mutiso. Wanawake waliolala pale walikuwa wanawasha moto wa chai, na yeye alikuwa amesimama langoni akiangalia upande wa barabara, kama alivyofanya kila asubuhi tangu msiba uingie. Ukungu ulikuwa mzito. Akaona mtu anatoka kwenye ukungu ule, anatoka upande wa barabara, anakuja mbio.

"Kioko!" akalia. "Kioko, mwana wakwa!"

Akaanguka. Wale wanawake wakapiga nduru, boma la ng'ambo wakaitikia, na la juu yake likaitikia, mpaka kilima chote kikawa kinalia. Mimi nikaharakisha. Nilidhani habari mbaya imefika nikiwa huko chini. Nilipofika langoni nikauliza, na neno hili linaniuma mpaka leo, "Kwani kumetokea nini?"

Shangazi yangu Kalunde, aliyekuwa amekipakata kichwa cha Mama Mutiso, akaniangalia kuanzia raba mpaka juu.

"Umetumwa na nani?"

"Sijatumwa, shangazi."

"Kioko amekufa?"

"Sijui. Mimi nilikuwa nakimbia tu."

"Ulikuwa unakimbia tu," akasema. Akarudi kumpepea mwenzake.

Mama Mutiso alipozinduka wakamwambia haikuwa habari ya kifo, ni Mwalimu Mumbua alikuwa kwa mazoezi. Hakuelewa. Ikabidi wamwambie tena, na mimi nimesimama pale pale na raba zangu, nikingoja aelewe. Mwanangu, nimeaibika mara nyingi maishani, lakini aibu ile sijapata nyingine ya kuifuata.

Baada ya mazishi nilinunua sukari na majani ya chai, nikaenda kwake. Nilimkuta uani kwenye mkeka akipukuchua mbaazi. Nikaanza kuomba msamaha nikiwa bado nimesimama.

"Kaa kwanza," akasema.

Nikachuchumaa.

"Nimekwambia ukae. Huko ni kuchuchumaa."

Nikakaa, miguu nikainyoosha mbele yangu. Akaitazama, kisha akaniuliza bila hasira yoyote, "Mwalimu, siku ile ulikuwa unakimbilia nini?"

Nikamwambia kila kitu, mashindano, msichana wa Matuu, ile siku ya mvua. "Nikikaa naona ni kama mimi ni mvivu," nikasema. "Naogopa nguvu itaisha."

Akamwaga mbaazi za mkononi kwenye ungo.

"Jana nilikuwa kwa Kioko," akasema. "Sasa ananijua. Wamemfunga hiyo miguu yote, wameining'iniza na vyuma. Daktari anasema mifupa inashikana, lakini ni akilala hapo bila kusonga. Atalala mpaka mvua ije. Sasa wewe ndio umesoma, niambie. Kioko pale kitandani anafanya kazi, ama ni mvivu?"

"Anafanya kazi, mama."

"Haya basi." Akanisukumia nusu ya zile mbaazi. "Na mimi niko na nyumba imenyamaza. Leo utakaa na mimi."

Nikakaa. Usifikiri ilikuwa rahisi. Mara kwa mara magoti yalikuwa yanataka kuinuka yenyewe, na sauti yangu ya zamani inanipigia hesabu ya wenzangu walioko barabarani. Tulipukuchua mpaka jua likapinduka. Ndipo akaanza kunisimulia jinsi Mutiso alivyokuwa mdogo, akiiba mbaazi mbichi kwenye ungo na kukataa katakata huku mdomo umejaa. Akacheka. Kisha kicheko kikageuka, akalia, na mimi nikamshika mkono. Kama ningekuwa kwa mbio zangu, angeyasema hayo kwa nani? Ile siku niliyoiogopa kama siku tupu ndiyo iliyojaa kuliko zote za mwaka ule.

Usidhani nilikuja kupata kikombe. Nilianza kupumzika siku mbili kila juma, na kwenye mashindano yule msichana wa Matuu akanipita tena. Nikawa wa nne, sikuchaguliwa. Lakini niliporudi nyumbani sikutafuta siku ya kulaumu. Nilikula, nikaoga, nikalala usingizi mzuri, na kukimbia kukaanza kunipendeza upya. Niliendelea nako miaka mingi, mpaka magoti yaliponiaga yenyewe.

Mvua zikaja. Jioni moja nilikuwa dukani kule chini barabarani, gari likasimama, na Baba Mutiso akashuka. Kisha akamshikilia Kioko, naye akashuka polepole, magongo mawili kwapani, amekonda, anatabasamu. Kijiji kilikuwa hakijui kama angeruhusiwa siku hiyo.

"Mwalimu," Baba Mutiso akaniita, "wewe uko na miguu. Tangulia umwambie mama yake."

Nikainama kukaza kamba za raba. Furaha ilikuwa imenijaa mpaka masikio yanavuma, na hakuna mtu kilimani pale ambaye angefika mbele yangu. Ndipo nikakumbuka asubuhi ile ya ukungu. Nikaziacha kamba, nikainuka, nikaanza kutembea.

Sijawahi kuona kilima kirefu namna ile. Kila hatua miguu ilinisihi, na kila hatua nikaikatalia. Nilipotokea kwenye kona nikamwona Mama Mutiso langoni, mkono juu ya macho, akiangalia mtu anayetoka barabarani. Nikapunguza mwendo zaidi. Nikatembea kama mtu anayerudi sokoni amechoka. Nikauona ule mkono ukishuka taratibu, na mabega yake yakashuka nao. Alijua kabla sijafungua mdomo.

"Anakuja," nikamwambia. "Yuko na magongo. Tusimharakishe."

Tukasimama pale langoni tumeshikana, tukimngoja, na mimi nililia kuliko yeye.

Kioko sasa ni babu kama mimi nilivyo nyanya. Anachechemea kidogo siku za baridi, na ndiye aliyemletea Mwende maziwa asubuhi ya leo, akamwambia kwamba yeye mguu wa kushoto ndio uliomsumbua zaidi. Mwende hakujua anaongea na nani. Sasa amejua.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu, nawe Mwende ninajua unasikiliza huko jikoni. Fanya mazoezi, mwili ni wa kutumiwa, na mimi siwezi kukukataza kitu nilichokipenda. Lakini siku ya kupumzika usiione kama siku uliyoiba. Mwili unajengeka ukiwa umetulia, kama ile mifupa ya Kioko, na ukiukatalia nafasi hiyo utaichukua wenyewe kwa nguvu. Ukisikia kusutwa kwa sababu umekaa, usiinuke kwanza. Jiulize kama unachokitaka ni kukimbia, au unaogopa tu kukaa. Kama ni woga, kaa nao hapo mkekani. Utaondoka wenyewe. Na siku hiyo usiitupe kwenye simu, mpe mtu. Saa yako inajua umekaa muda gani, lakini haijui uko na nani.

Sasa njoo huku, Mwende, lete mikono nikutemee mate ya baraka, kama nyanya yangu alivyonifanyia. Usikunje uso, ni kidogo tu. Mungu akupe miguu ya kukufikisha unakokwenda, na moyo wa kutulia ukishafika. Akuponye bila haraka. Na siku utakayokuwa na habari njema za kuniletea hapa nyumbani, mwanangu, uje ukitembea. Nitakuona kutoka langoni, na nitajua.