Siku Phonie Iliponitangaza kuwa Mgonjwa wa Sukari

Jamani, hii aibu nimeikalia miaka mingi, wala siwezi kusema nimeificha, maana kutoka Kayna mpaka Oicha kila mwenye masikio aliisikia saa ile ile ilipotokea, lakini mimi mwenyewe sijawahi kuisimulia kwa mdomo wangu. Leo naisimulia. Mkicheka, chekeni, hata mke wangu Masika bado anacheka, na yeye ndiye aliyeniokoa.

Ilikuwa wakati wa vita, miaka ile waasi walikuwa wametawala huku kwetu, na sisi wafanyabiashara wa Butembo (mnatujua, hata mbingu zikianguka tutauliza bei ya vipande) bado tulikuwa tunakwenda kununua vitambaa vya bitenge Dubai. Tulikuwa wanne: mimi Kambale, rafiki yangu Kasereka, na ndugu wawili, Paluku na Muhindo, wauza sufuria. Tulikuwa tukijaza kontena moja pamoja, kwa hiyo mmoja akikwama, wote wamekwama. Na mwaka mmoja kabla, mwenzetu wa tano alikuwa ameugua huko huko ugenini akiwa na karatasi ya assurance, yaani bima, ya bei rahisi aliyonunua sokoni, isiyomwuliza hata jina la baba yake, na alipolazwa karatasi ile haikumsaidia kitu, akafa, na mwili wake ukakaa kule wiki nyingi familia ikiuza shamba ili umrudie mama yake. Tukaapa: hatupandi tena ndege bila assurance ya kweli.

Ya kweli ilikuwa inauzwa Beni, na Mama Kavira, mwanamke mfupi mwenye miwani ya kamba, mjumbe wa kampuni moja ya Kampala. Alipopita Butembo kutuletea fomu zake, nilishangaa, nawaambia ukweli. Huku kwetu mtu alikuwa anaweza kupotea kati ya Butembo na Beni kwa ajili ya mbuzi wake na hakuna aliyeuliza, halafu hapa kulikuwa na karatasi iliyosema kwamba nikianguka katika nchi nisiyoijua watu wasionijua watanibeba, watanitibu, na hata nikifa watanirudisha kwetu. Mtu alikuwa amekaa mahali akaniwazia mimi yote hayo! Niliisoma mara tatu kama Zaburi. (Madhara ya vita tu ndiyo haikulipia. Ilisema hivyo waziwazi, na hata hilo nililiheshimu.)

Ila ilikuwa na maswali ishirini na matatu. Kasereka akalalamika kwamba ile ya sokoni haina maswali, na Mama Kavira akamjibu bila hasira: “Ile haiulize kitu, haitalipa kitu. Hii yangu inauliza sababu siku moja inaweza kulipa.”

Swali la tisa: Je, una ugonjwa wa sukari? Ndugu zangu, mimi nina sukari tangu nikiwa na miaka thelathini na moja, najichoma sindano asubuhi na jioni, na waliojua ni Masika na daktari wangu tu. Ukiandika Oui, ndiyo, inabidi ulete barua ya daktari na kungoja Kampala ifikiri. Nami nikawaza: wenzangu wakijua, wataniacha nyumbani, watamchukua mwingine, na kontena litajazwa na mikono isiyo yangu. Nikaandika Non, hapana. Herufi tatu tu. Kalamu haikutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Sasa uongo ni mgeni anayekuja na watoto wake. Kwa kuwa nimesema sina sukari, haikufaa wenzangu waone termosi ninayohifadhia dawa ya sindano isipate joto, kwa hiyo asubuhi ya Jumamosi walipokuja kunichukua twende Beni kupanda ndege nikaisukuma nyuma ya mlango, chini ya kikapu cha maharagwe, nikisema moyoni nitaichukua wakishatoka kuelekea gari. Wakatoka, dereva akapiga honi kwa sababu alitaka kupita barrière, vizuizi vya barabarani, kabla askari hawajalewa, nami nikakimbia, nikapanda, nikamuaga Masika kwa mkono kama waziri. Tulipofika barrière ya pili na askari akanyoosha mkono akisema “Papa, mokanda wapi?”, nikaingiza mkono kwenye mfuko kutafuta vitambulisho, na hapo ndipo nilipokumbuka termosi.

Kurudi? Ningesema nini? Nikatoa vitambulisho, tukapita. Na nyuma yetu, mchana ule ule, risasi zikalia barabarani, na njia ya Butembo ikafungwa.

Jumapili ile Beni, sitaki hata kuikumbuka. Nilikunywa maji kama ng'ombe aliyetoka kiangazi, nikaenda msalani mara nyingi hata mwenye nyumba tuliyolala akamwuliza Kasereka kama mwenzake amekula kitu kibaya. Nilizunguka maduka mawili ya dawa, moja limefungwa, la pili halina. Hospitalini sikwenda, maana lango lake linatazamana na nyumba ya Mama Kavira, naye Jumapili baada ya ibada hukaa barazani akimsalimia kila apitaye. Mnaona akili yangu? Mtu anakufa, anaogopa kusalimiwa.

Jumatatu saa nne asubuhi tulikuwa na miadi kwenye phonie. Vijana labda hamuijui: ni redio kubwa yenye spika na waya mrefu juu ya mti, ilikuwa katika chumba kimoja cha kanisa, na kwa kuwa hakukuwa na simu ndiyo iliyobeba habari zote, vifo, harusi, bei ya maharagwe, na mtu mmoja akiongea, vituo vyote vinasikia, mpaka aseme À vous, yaani zamu yenu. Tulikuwa tumekwenda kungoja jibu la Kampala juu ya assurance zetu, maana kesho yake tulikuwa na ndege. Mama Kavira alikuwa amekaa mbele na fomu zetu nne magotini. Chumba kimejaa watu wanaongoja zamu. Mimi nimeegemea ukuta, macho yanaona ukungu, ulimi umekauka.

Kampala haikuita. Ikaita Butembo, na sauti ilikuwa ya Masika.

“Beni, Beni, huku Butembo. Minatafuta bwana yangu Kambale. Alisahau dawa yake ku nyumba. À vous.”

Mwenye phonie, kijana mpole wa kanisa, akageuka akatazama chumba, kisha akabonyeza kitufe. “Kambale gani, mama? Huku beko Kambale karibu kila kiti. À vous.”

Na ni kweli. Mnajua sisi Wanande, mtoto wa kiume wa pili ni Kambale, kila nyumba ina wake, na chumbani mle mlikuwa na Kambale saba.

“Kambale wa bitenge!”

“Hao tu beko batatu, mama.”

Hapo mke wangu, ambaye siku mbili hakulala, akapoteza subira. “Ule mwenye sukari! Anajichomaka sindano asubuyi na mangaribi! Ana kipara, ana alama ya kuungua ku mukono wa kushoto!”

Ningeweza kunyamaza na kuomba mawimbi yameze maneno, maana sauti ya Butembo ilikuwa inakatika. Lakini akaingia mzee mmoja wa kituo cha Alimbongo, ambaye kazi yake ilikuwa kurudia ujumbe wa vituo visivyosikika vizuri, na Mungu alimpa mzee yule sauti ya kuita ng'ambo ya bonde: “Beni, huku Alimbongo, mi nitarudilia. Mama anasema bwana yake iko na ugonjwa ya sukari. Su-ka-ri. Na iko na kipara. Narudilia: ki-pa-ra. À vous.”

Makambale wote saba tukatazamana vichwa. Sita walikuwa na nywele. Nikavuta kofia yangu chini mpaka masikioni.

Mama Kavira akafungua fomu ya juu, akapitisha kidole mpaka swali la tisa, akaniangalia juu ya miwani. “Papa Kambale, ule ni weye?”

Na mimi, mzee wa kanisa, baba wa watoto sita, nikasema: “Hapana, Mama. Itakuwa Kambale mwingine.”

Mzee wa Alimbongo hakuchoka. Kituo cha Kayna nacho kikaingia kusema wanamwombea yule papa wa sukari. Mtu akatumwa mbio hospitalini, akarudi kusema dawa hiyo imekwisha tangu wiki iliyopita. Na mimi bado nimesimama na kofia yangu, nikitumaini wataenda sehemu nyingine ya ratiba. Kisha sauti ya Masika ikarudi, safari hii bila kukatika, tena ndogo. Hakusema sukari, hakusema kipara. Alisema: “Kama hamumuone leo, atakufa. Muniambie tu kama mulimuona. À vous.” Akaanza kulia, akilia hewani, mbele ya nchi nzima, mwanamke ambaye hata kwenye msiba wa mama yake alijificha jikoni.

Nikavua kofia. Nikasema: “Ni mimi.” Nikakaa sakafuni katikati ya watu.

Sasa sikieni kilichofuata, kwa sababu hapa ndipo ninapostaajabu mpaka leo. Spika ikakoroma, ikaingia sauti ya muuguzi mwanamke nisiyemjua: “Huku Oicha. Mi niko infirmière. Tuko na insuline mbili mu frigo. Ule Kambale akae hapo hapo, asikimbie, nitaileta mi mwenyewe. À vous.” Njia ya Oicha! Siku zile za risasi! Na baada ya saa tatu hivi alifika juu ya pikipiki ya mfanyabiashara wa kakao, magoti yamejaa udongo, dawa ameifungia katika majani ya ndizi yaliyoloweshwa maji. Akauliza Kambale ni nani, na watu arobaini wakaninyooshea kidole kwa pamoja. Alinichoma sindano pale pale, akaniachia dawa iliyobaki, akanikaripia, akakataa hata soda, akarudi kabla jua halijashuka. Jina lake sikulijua siku ile. Nililitafuta baadaye nikamshukuru, lakini maneno yalinitoka machache sana.

Wakati tunamngoja, Mama Kavira hakunifokea. Alinisogelea pale sakafuni, akaketi kwenye kiti kidogo, akasema ili wote wasikie: “Assurance inaweza kukubali mugonjwa. Uongo, haikubali. Ungeanguka kule, bangeandikia daktari wako, bangeona sukari, na hii karatasi ingekuwa ya kufungia karanga.” Kisha akauliza wenzangu: “Kuko mwingine?”

Kasereka, aliyekuwa ananitazama kama mtu aliyenunua mbuzi kipofu, akakohoa. “Mi niko na figo,” akasema. “Moja tu inatumika.” Paluku akasema tension, yaani presha ya damu. Muhindo akasema moyo, tangu utoto. Wote wanne! Wote tulikuwa tumeandika Non, kila mmoja akiwaficha wenzake kwa hofu ya kuachwa, na tulikuwa tunajiandaa kuvuka bahari na figo moja, moyo mbovu na bila dawa, tukijiona tumelindwa. Sikujua nicheke au nilie. Mama Kavira alichana fomu zote nne polepole.

Ndege ikaondoka bila sisi. Tulikaa Beni siku tisa tukitafuta barua za madaktari, tukijaza upya maswali ishirini na matatu tukiwa tumekaa pamoja, kila mtu anasoma jibu lake kwa sauti (wazo la Mama Kavira, nadhani lilikuwa adhabu). Kampala ikatukubali mimi na Paluku kwa kuongeza pesa kidogo, ikamkubali Muhindo kwa sharti awe na barua ya moyo mkononi, na Kasereka wakamwambia figo yake hawatailipia, mengine yote watalipia. Alinuna, akasaini. Angalau alijua atakachokosa kabla ya kukikosa.

Kule Dubai, siku ya nne, nikaanguka katika duka la vitambaa. Nilikuwa nimejichoma dawa asubuhi nikasahau kula kwa uroho wa kuchagua rangi, sukari ikashuka mno. Sikumbuki kitu. Nilizinduka kwenye kitanda cheupe, Kasereka pembeni, na daktari Mhindi ameshika karatasi yangu ya assurance aliyoitoa katika mfuko wa shati langu. Kasereka, mwenye Kiingereza kidogo, alinitafsiria: daktari anasema watu wa duka walidhani ni moyo, walitaka kunipeleka mahali pa moyo, lakini yeye alisoma swali la tisa kabla ya kunigusa, akanipa sukari mara moja, na kama pale pangeandikwa Non, angepoteza muda ambao mimi sikuwa nao.

Nikaomba anipe ile karatasi niione. Pale pa tisa palikuwa na mwandiko wangu mwenyewe, umepinda kwa aibu ya siku ile ya Beni: Oui. Nililia mbele ya daktari wa watu.

Basi nimeapa. Ukitaka kusafiri na una ugonjwa wako, tafuta assurance inayokusumbua kwa maswali, soma inapokataa kabla ya inapokubali, na usilionee haya hata swali moja. Mimi siku hizi sisubiri kuulizwa: nikikaa karibu na mtu kwenye gari, kabla hata hatujasalimiana vizuri, namwambia naitwa Kambale, nina sukari, na dawa yangu iko mfuko huu wa kulia.