Nilimchagulia Mke wa Mwinjilisti Maua Yanayosambaa, Tena kwa Makusudi

Admin, naomba unifichie jina, maana wenzangu wa kanisani wamejaa humu. Mimi ni mama wa miaka 43, naishi Iringa mjini na mume wangu na watoto watatu. Kwa miaka tisa mimi ndiye niliyekuwa napamba madhabahu ya usharika wetu. Sikupewa kwa upendeleo. Nina mkono wa maua, kila mtu anajua, na kama kusema hivi ni kujisifu basi najisifu.

Mwaka juzi tukaletewa mwinjilisti mpya. Mke wake ni binti wa kijijini Igowole, miaka 28, nitamwita Mama Tumaini. Jumapili ya pili tu wakampa zamu ya kupamba. Akachuma majani ya porini, akayapanga kwenye chungu cha kawaida, kanisa zima likageuza shingo. Mama Mwenyekiti wa akina mama akasema nikiwa nimesimama pale pale, "Jamani, leo madhabahu imependeza kuliko siku zote." Siku zote ni nani kama si mimi? Nyumbani nako mume wangu anakula ugali wangu huku ananiambia, "Yule mke wa mwinjilisti ana kipaji." Niliinua bakuli la mboga nikarudi nalo jikoni. Ndugu zangu, wivu ulinishika. Nikawa naangalia ni akina nani wanampa mkono baada ya ibada, na wangapi wanapita mbele yangu bila kunisalimia.

Siku moja akaja kwangu, akanisalimia kwa kilugha. "Kamwene dada. Yale maua yako ya jamii ya vitunguu, yenye vichwa vya mviringo, nayapenda kweli. Ila unajua uani kwetu kuna matuta ya mboga ya akina mama wa kanisa. Nichagulie yale yasiyosambaa, nisije nikawaharibia."

Ninayo ya aina mbili. Ya zambarau yanakaa fungu moja, hayaachi mbegu, baada ya miaka unayakuta pale pale ulipoyapanda, ukitaka mengine unayachimba na kuyagawa kwa mkono. Meupe ni mazuri pia, lakini kichwa kikikauka kinamwaga mbegu nyeusi, na kila inapodondoka inaota. Mimi mwenyewe meupe nayapanda kwenye ndoo, na nakata vichwa mapema. Yakiwa hayajachanua, asiyeyajua hawezi kuyatofautisha.

Nikamng'olea meupe, mafungu ishirini. Nikayafunga kwenye gunia nikambebea mpaka kwake, nikamwambia, "Haya hayana shida, yanatulia." Alinikumbatia. Yalipochanua alifurahi kama mtoto.

Ningeweza kuishia hapo, lakini sikuishia. Kwetu wakati wa Kwaresima hatuweki maua mabichi madhabahuni, tunaweka matawi makavu. Akaniuliza kama vichwa vya maua yale vikikauka vinafaa. Nikamwambia, "Viache vikaukie kwenye shina, usivikate mapema." Na mvua zilikuwa bado zinanyesha. Najua vizuri nilichokuwa nafanya.

Sasa uani kwake hakutazamiki. Yameota kati ya mboga za chinese, yameota kwenye figiri, yameingia hadi kwenye tuta la karoti. Ukivuta mche, kitunguu kinabaki chini na kinachipua tena. Mboga zile ndizo akina mama wanazowapelekea wajane na wagonjwa, kwa hiyo watu wamekasirika. Mmoja akasema, "Kwani huko kwao Igowole hawalimi?" Wakacheka. Na mimi nilicheka.

Mama Mwenyekiti ameamua Mama Tumaini asipambe tena, madhabahu irudi kwangu peke yangu, na Jumatano hii asimame mbele ya akina mama aombe radhi kwa uzembe wake. Nimepata kila nilichokitaka. Jana akaja kwangu macho yamevimba, mikono inanuka vitunguu kwa sababu ameshinda anang'oa.

"Dada, wewe ulinichagulia yaliyo mazuri," akasema. "Mimi ndiye nimeshindwa kuyatunza, na nitawaambia hivyo hivyo. Ila naogopa kusimama peke yangu. Utasimama na mimi? Hapa mjini sina mtu mwingine."

Nikamjibu, "Nitasimama." Alipoondoka nikakaa jikoni nikalia, halafu nikajikasirikia kwa kulia.

Nikisema ukweli Jumatano, miaka tisa yangu kanisani imekwisha, na mume wangu sijui atanitazama kwa jicho gani. Nikinyamaza, nitakuwa nimemshika mkono huku anabeba kosa langu mbele ya watu. Nimefikiria kumwambia yeye peke yake kwanza, nikafika hadi getini kwao asubuhi ya leo. Nikamwona ameinama kwenye matuta na mtoto mgongoni, nikageuza.

Na niwaambie kitu ambacho hata kwenye maombi sijakisema. Sizuiwi na aibu peke yake. Namjua yule binti. Nikikiri, hatanitukana wala hatanifukuza. Atanisamehe pale pale, kwa ile sauti yake ya upole, na akina mama wote watalia na kumpenda kuliko wanavyompenda sasa. Hilo ndilo linalonifunga mdomo. Mpaka leo bado namwonea wivu. Nishaurini, nifanye nini?