Udongo wa Kuzibia Ndiva

Kiangazi hiki kamati ya viwanja vya bustani tunavyokodi hapa ughaibuni, Kings Heath, ilipiga marufuku mipira ya maji. Bomba ni moja, watu ni wengi, na kila mtu achote kwa ndoo yake. Jumamosi iliyofuata nilibeba sepetu, nikaanza kuchimba shimo pana chini ya paa la kibanda changu, ili mvua ikijaaliwa kunyesha maji yake yasipotee.

Mzee wa kiwanja cha pili, Singasinga aliyezaliwa Kisumu na ambaye hajaacha Kiswahili chake, aliegemea jembe akanitazama.

"Mama, hii ni kaburi ama ni bwawa ya kuogelea?"

"Ni ndiva, mzee."

"Ndiva ndiyo nini sasa?"

"Ni bwawa la kumwagilia. Kwetu Upare kila mteremko ulikuwa nalo."

"Basi chimba kubwa. Nyanya zangu pia ziko na kiu."

Yeye nilimweleza nusu. Wewe nitakueleza yote, maana nusu iliyobaki hainipi sifa.

Kijiji chetu kilikuwa juu kabisa mlimani, mahali ambapo asubuhi za Julai ukungu uliingia hadi jikoni na moshi ukakosa pa kutokea. Tuliamka na harufu ya makande yaliyolala juu ya mafiga. Bibi, aliyenilea, aliyapasha moto, akanipa bakuli, kisha akanitajia kazi za siku moja baada ya nyingine: kuni, majani ya mbuzi, maji, halafu shule. Baadhi ya jioni tulisikia pembe ikipulizwa kutoka kilimani, ndefu na nzito. Hapo kila mtu alijua kesho ni msaragambo, kazi ya wote, na kwamba kila nyumba itatoa mtu na jembe kwenda kusafisha mfereji.

Mfereji huo ulileta maji ya kijito hadi kwenye ndiva yetu, bwawa la mawe na udongo lililojengwa mgongoni mwa mlima. Lilijaa usiku. Asubuhi mwenye zamu alizibua tundu la chini, maji yakateremka hadi shambani kwake. Zamu hazikuandikwa popote, lakini hakuna aliyekosea siku yake. Na sheria moja ilikuwa kubwa kuliko zote: aliyemwagilia leo ndiye anayeziba jioni, kwa ajili ya mwenye zamu ya kesho.

Nilikuwa na miaka kumi. Bibi alikuwa ameteguka kifundo cha mguu, kwa hiyo siku ya zamu yetu alinituma mimi kuziba. Zamu ya kesho yake ilikuwa ya jirani yetu wa chini, mjane mwenye ulimi mkali na matuta kumi na mawili ya maharage yaliyokuwa ndiyo kwanza yanatoa maua. Ua la haragwe likikosa maji wiki hiyo, linadondoka. Zamu yake nyingine ilikuwa baada ya siku nane.

Kazi yenyewe niliijua. Unachukua kigingi, unakizungushia magome ya mgomba yaliyolowekwa, unakigongea tunduni, kisha unakandika udongo wa mfinyanzi ulioukanyaga kwa miguu. Udongo huo ulichukuliwa kwenye shimo lake, mwendo wa robo saa. Lakini siku hiyo mwalimu alikuwa ameniazima kitabu cha jiografia kwa usiku mmoja tu, nami nilitaka kukisoma kabla giza halijaingia. Nikachota udongo wa karibu, wenye mchanga, nikaukanyaga mara tatu nne, nikakandika. Kwa macho ulionekana mzuri. Nilikimbia nyumbani nikasoma habari za mito mikubwa ya dunia.

Alfajiri jirani alisimama uani kwetu na jembe begani.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema?"

"Nimekuja kuuliza. Huyu mjukuu wako ndiva aliiziba kwa mate?"

Bibi alichukua fimbo yake, akachechemea hadi bwawani, nami nyuma yake. Ndani kulikuwa na tope na vyura. Jirani alianza kuhesabu matuta yake kwa sauti, moja hadi kumi na mbili, kama mtu anayetaja majina ya wafu. Nikaanza kulia.

"Maji yakimwagika hayazoleki," akasema jirani.

"Hayo ni maneno ya watu wa tambarare," bibi akamjibu. "Huku kwetu maji yana njia. Twende tukaone yamelala wapi."

Tuliyakuta bondeni, kwenye magimbi, yamesimama kama ziwa dogo. Bibi akanipa ndoo. Kwa siku tatu, kabla ya shule na baada ya shule, nilipanda mteremko ule na ndoo kichwani, kata ya majani ikinichoma utosini, nikimwaga kikombe kimoja kwa kila shina. Bibi alikaa kwenye jiwe akinikumbusha shina nililofikia. Siku ya tatu jirani alitoka na ndoo yake, akanipita, akashuka bondeni. Matuta saba yalipona. Matano maua yake yalidondoka, na niliyaona yakidondoka.

Zamu yetu iliporudi, jirani alinikuta kwenye shimo la mfinyanzi. Alivua kandambili, akaingia.

"Kanyaga. Usitumie macho. Udongo ukiwa bado unakwaruza unyayo, haujaiva."

Tulikanyaga hadi miguu ikafa ganzi. Asubuhi yake ndiva ilikuwa imejaa hadi ukingoni.

Nilipokwenda mara ya mwisho, ndani ya ndiva kulikuwa na mahindi ya mtu. Tope lilijaa mwaka mmoja ambao pembe haikupulizwa, na mwaka uliofuata pia. Sasa yako mabomba ya plastiki, kila nyumba na lake. Bibi hayupo, jirani hayupo. Njia ya mfereji nilijaribu kuifuata, nikaipotezea vichakani.

Nikirudi kutoka kazini Digbeth hupita kando ya mfereji wa zamani wa mashua za makaa. Maktabani nilisoma kwamba sakafu ya mifereji hiyo iliwekwa udongo wa mfinyanzi uliokanyagwa kwa miguu. Binti yangu nilipomwambia alinijibu, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba siku hizi karatasi ya plastiki ya kutandika bwawani inauzwa dukani. Ni kweli, nimeiona.

Jumapili nilichimba shimo dogo la kukanyagia kando ya lile kubwa, nikalijaza udongo wa huku, mzito na mwekundu, nikaumwagia maji, nikavua viatu. Mzee alikuja kuangalia.

"Sasa mama, hii si imekuwa tayari?"

Nilisimama nikasikiliza kwa nyayo. Chini ya kisigino cha kushoto bado kulikuwa na mchanga.

"Bado, mzee," nikamwambia. "Vua viatu, uingie."