Kijiko Katika Sikio la Zéphirin

Vital wa Kasungami alikuwa na mdomo mkubwa kuliko samaki wote aliowahi kuvua. Ukimkuta mbele ya nyumba yake, angekueleza jinsi alivyomkaripia mkubwa wake wa kazi mpaka mkubwa akanywea. Mkubwa mwenyewe alikuwa ameshapanda ndege zamani, kwa hiyo hapakuwa na wa kubisha.

Mdomo huohuo ndio uliotoa ahadi.

"Twende Kafubu," alimwambia Zéphirin. "Kama banauliza, nitasema weye iko ndugu yangu, tumbo moja. Nani atabisha?"

Ulikuwa mwaka wa 1993. Karakana ya kuchomelea vyuma, walikofanya kazi pamoja miaka kumi na miwili, ilikuwa imefungwa, na vijana walikuwa wakipita mlango kwa mlango wakitafuta watu wenye asili ya mkoa wa Kasai ili wawarudishe kwao. Kwao Zéphirin ilikuwa komini ya Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi. Kasai yenyewe alifika mara moja tu, kumzika babu yake, akarudi na malaria. Kiswahili chake kilikuwa cha mji huu tu. Lakini majirani walijua jina la babu huyo, na kwa wiki tatu Zéphirin, mkewe Claudine na watoto walikuwa wamejifungia ndani wakila bukari, ugali wa huko, na mboga ya lengalenga, asubuhi lengalenga, jioni lengalenga.

Kule mto Kafubu, upande wa Kasungami, hakuna aliyemjua.

Zéphirin ndiye aliyekuwa fundi wa kijiko. Si kijiko cha kulia. Ni kibati kinachong'aa, chenye ndoano ya meno matatu nyuma yake. Ukikivuta majini kinayumba kama samaki mdogo aliyelewa. Chake alikikata mwenyewe kutoka kwenye kopo la maziwa, akakipiga tupa mpaka kikawaka, na cha Vital alikitengeneza yeye vilevile. Makobo, samaki yule wa mdomo mpana anayekula wenzake, hawezi kukiona akakiacha kipite.

Waliacha viatu ukingoni, jozi mbili kando kando, wakaingia na fimbo zao za kuvulia mpaka maji yakafika kiunoni. Tope lilikuwa laini, likinyonya nyayo.

"Yaya Vital," Zéphirin alisema, akimwita kaka mkubwa kama kila mara, "mbele ya kurusha, angalia nyuma. Samaki iko kule, mie niko hapa. Usitubadilishe."

"Unanifundisha mie? Mie niliyua maji mbele yako."

"Uliyua kunawa."

Wakacheka. Kabla jua halijapanda sana walikuwa na makobo wawili, wamewatunga kwenye unyasi. Ndipo vijana wanne wakaja ukingoni, wakakaa karibu na vile viatu, wakawasha sigara. Mmoja alivaa bereti. Zéphirin akayageukia matete. Vital akamkonyeza: tulia, mdomo wangu upo.

Mbele yao, makobo mkubwa akaruka, akaanguka kwa kishindo. Vital akasahau vijana, akasahau nyuma, akasahau na Mungu. Akainua fimbo akarusha kwa nguvu zote. Kamba haikwenda popote.

"Mamu wanyi!"

Mtu akichomwa namna ile hachagui lugha. Zéphirin alimwita mama yake kwa Kiluba cha Kasai, kwa sauti iliyofika ng'ambo ya mto, na kijiko kikabaki kinaning'inia kwenye sikio lake la kushoto kama hereni ya bibi harusi.

Yule wa bereti akasimama.

"Eh, muzee! Huyu mwenye kulia Kikasai, iko nani?"

Ilikuwa kusema tu: iko ndugu yangu. Vital alifungua mdomo wake ule mkubwa.

"Siyue," akasema. "Tumekutana tu hapa mu maji."

Na halafu, bila mtu kumwomba, akacheka kidogo.

Zéphirin alimtazama. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mtu anavyotazama kiungo alichokichomelea mwenyewe, kikapasuka siku ya kukabidhi kazi.

"Kuya huku, weye wa hereni!" vijana wakaita. Zéphirin akaanza kutoka majini, na fimbo ya Vital ikaanza kumfuata, maana kamba ilikuwa bado imewafunga, sikio kwa mkono.

"Kata!" yule wa bereti akamwambia Vital.

Hakuwa na kisu. Akaikata kwa meno.

Walimpeleka pekupeku. Vijana hao wakabeba pia wale samaki wawili.

Nyumbani, Régine, mke wa Vital, aliangalia mikono ya mumewe.

"Samaki?"

"Leo hakuna."

"Na hivi viatu vya Zéphirin?"

"Aliteleza."

"Aliteleza, akaruka akaenda?" Régine akaweka mwiko chini. "Vital, weye mwenye kusema kila siku. Leo ulisema nini?"

Akamwambia. Régine alivifunga viatu kwa gazeti, akavitia mkononi mwa mumewe. Asubuhi Vital akaongeza koleo mfukoni, akaenda gare, kituo cha treni, ambako watu wa Kasai walikuwa wamekusanywa na magodoro na sufuria zao wakingoja treni. Pale langoni kijana mmoja alimzuia.

"Unatafuta nani?"

"Ndugu yangu. Zéphirin. Tumbo moja."

"Basi panda treni naye," kijana akasema, akamwachia njia. Ilikuwa rahisi hivyo.

Zéphirin alikuwa ameketi juu ya furushi, Claudine na watoto kando yake, nao wametolewa nyumbani. Sikio lilikuwa limevimba kama kiazi, kibati bado kinang'aa pale, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kukigusa.

Vital akachuchumaa. "Zéphirin, jana nilisema..."

"Nilisikia. Kamba haikuwa ndefu." Akamgeuzia sikio. "Umeleta koleo?"

"Nimeleta."

Ndoano ya namna ile hairudi ilikoingilia. Ni lazima uisukume mbele mpaka jino litokeze upande wa pili, ulikate, ndipo uivute. Vital akaishika ndoano kwa koleo.

"Nitakuumiza."

"Niambie kwanza," Zéphirin akasema. "Leo nilie na luga gani?"

Claudine akacheka, kisha akaufunika uso kwa kitenge. Vital akasukuma. Zéphirin hakulia kwa lugha yoyote. Damu iliposhuka shingoni, aliifuta, akakichukua kijiko alichokitengeneza, akavaa viatu, akafunga kamba zake polepole, moja, na ya pili.

"Aksanti, bwana," akasema.

Miaka kumi na miwili alikuwa akimwita yaya.

Treni haikuja siku ile. Kesho yake Vital alirudi na sufuria ya bukari na sombe, mboga ya majani ya muhogo. "Aksanti, bwana." Siku ya tatu vilevile, na ya nne, na ya tano. Kila mara alikaa kidogo, akingoja neno lingine.

Siku ya sita alikuta mahali pale patupu. Bibi mmoja, ambaye treni haikumpatia nafasi, alikuwa amekaa na sufuria ya jana, imeoshwa ikang'aa.

"Zéphirin ameacha neno?" Vital akauliza.

"Ameacha," bibi akasema, akimnyooshea sufuria. "Alisema: kama muntu mumoja wa Kasungami anakuya, mumupe kitu yake."