Manda wa Nzilo: asubuhi tuliyovua kando ya ukingo tukingoja treni ya Kasai

Wakuu, nawasabahi wote, wa pwani na wa bara.

Juzi ndugu mmoja humu alieleza namna ya kumvua nguru karibu na ufuko kwa mashua ndogo. Nilimsoma mara mbili. Sisi wa Kolwezi hatuna bahari, ila tuna manda, samaki wa ziwani: mrefu, mwenye mistari ubavuni na meno yaliyotokeza nje kama misumari. Nguru angemwita binamu.

Ninayosimulia yalinipata mwenyewe. Pale ambapo kumbukumbu ina ukungu, nitasema.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa na umri wa kuoa, bila cha kuolea. Tulikaa Kapata, kwenye nyumba za kampuni. Babu yangu aliletwa Katanga kutoka Kasai kuchimba shaba. Baba akazaliwa Kolwezi, nami nikazaliwa Kolwezi. Kasai nilikuwa sijaiona hata kwenye picha.

Kisha kazi za mgodi zikafa, mishahara ikakatika, na watu wakatafuta wa kumlaumu. Wakatupata sisi wenye asili ya Kasai.

Tulipewa jina: bilulu. Maana yake wadudu. Liliandikwa kwa mkaa kwenye mlango wetu.

Tukaacha nyumba, tukahamia stesheni. Tulilala chini ya maturubai pamoja na familia nyingine nyingi, tukingoja treni ya kutupeleka Kasai, ambayo hakuna aliyejua itakuja lini.

Mdogo wangu Ngalula alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Uji tuliogawiwa ulikuwa haukai tumboni mwake. Asubuhi moja mama alisema, bila kuniangalia, "Mu treni hakuna chakula. Huyu mutoto, bila samaki ya kukausha, hatafika."

Mtumbwi alikuwa nao rafiki yangu Mukalay. Yeye ni mwenyeji wa Katanga. Tulivua pamoja tangu shuleni. Nilimtumia ujumbe, na kesho yake alfajiri akaja stesheni na baiskeli.

"Panda," alisema. "Na ukiulizwa, nyamaza. Mi njo nitasema."

Njiani kulikuwa na kizuizi: gogo na vijana wenye marungu. Mmoja wao alinitazama kwa muda mrefu.

"Munaenda wapi?"

"Nzilo. Kuloba samaki," Mukalay alijibu, yaani kuvua.

"Na huyu? Hauko unabeba kilulu?"

Mukalay alifungua mkebe wake, akauinua hadi puani kwa yule kijana. Ulikuwa umejaa panzi.

"Bilulu yangu yote iko humu, chef. Hesabu. Ila usipumue sana, itaingia mu pua."

Vijana walicheka. Gogo likasogezwa. Nami nilicheka, wakuu. Nilijisikia nikicheka, kama mtu anayesikia jirani akicheka ng'ambo ya ukuta.

Maana huko kwetu kilulu ni mdudu yeyote, na kwa mvuvi ndiye chambo. Tangu utotoni tulisema hivyo: leta kilulu, kilulu kimeisha. Lilikuwa neno la furaha, la likizo.

Tulifika ziwani ukungu haujainuka.

Mnaoijua Nzilo mnajua: bwawa lilipojengwa, maji yaliimeza misitu. Miti iliyokufa bado imesimama majini, myeupe, bila jani. Mtumbwi unapopita katikati yake huwezi kujua unaelea juu ya ziwa au juu ya msitu. Nakumbuka nikitazama chini na kuona matawi, na juu nikaona matawi. Kwa kitambo sikuwa mtu wa Kasai wala wa Katanga. Nilikuwa kati ya matawi na matawi.

Wanaopenda ufundi: manda huja karibu na ukingo asubuhi kuwinda samaki wadogo kwenye majani. Hali panzi. Kwa hiyo panzi anamvuta samaki mdogo, na samaki mdogo, akiwa hai bado, anamvuta manda. Mshipi wa mkono unatosha, ila karibu na ndoana funga uzi wa chuma, kama ule wa breki ya baiskeli. Bila hivyo meno yatakata.

Mukalay alipiga kasia mara moja, akanyoosha mkono nyuma kama alivyozoea.

"Nipe ki…"

Akakomea hapo. Mkono ulibaki hewani. Maji yalidondoka kutoka kwenye kasia, nikayasikia yote.

"Nipe chambo," alisema.

Chambo! Neno la kitabuni. Kolwezi hakuna anayelisema. Ukilisema watu wanakuuliza umetoka Dodoma lini. Kule kwenye kizuizi neno lile lingine alikuwa amelicheza kama karata. Hapa, tulipokuwa wawili tu, lilimshinda.

"Unasema Kiswahili ya mwalimu," nilimwambia.

"Loba, we mwana. Acha kelele."

Nikampa panzi. Alikuwa analia, au ni ukungu. Hapa ndipo kumbukumbu inanitatiza.

Manda wa kwanza nilimpoteza. Njaa ilinivutisha mshipi mapema.

"Unamunyanganya chakula mu kinywa," Mukalay alisema. "Muache amumeze kwanza."

Wa pili nilimwacha ameze. Mshipi ulinikata kiganja, samaki akaruka juu ya maji, akajitingisha, na ubavu wake ukang'aa kati ya miti ile mikavu kama taa iliyowashwa ndani ya nyumba ya watu waliohama. Tukapata mwingine, kisha mwingine.

Mchana tuliwapasua vipande vyembamba, tukawakausha juu ya moto ukingoni. Kwa desturi mwenye mtumbwi huchukua nusu, na vichwa vyote. Mukalay alifunga kila kitu kwenye gunia langu.

"Na vichwa?"

"Navyo. Baba yako njo anavipenda."

Treni ilikuja siku chache baadaye. Kwenye behewa la wazi mama alitafuna kipande cha manda hadi kikawa laini, akakitia kinywani mwa Ngalula. Kilikaa. Akafanya vile tena, na tena, safari nzima. Alitafuna pia kwa ajili ya mtoto wa jirani. Si wote tuliopanda nao tuliofika nao.

Ngalula alifika. Leo ni mama wa watu huko Mbuji-Mayi, Kasai, na samaki hapendi hata harufu yake.

Nilichojifunza: neno linaweza kuibiwa kama nyumba inavyoibiwa, na kulirudisha si kazi ya aliyeibiwa peke yake.

Mliopita stesheni ile, na nyinyi mliobaki mkitazama treni ikiondoka, karibuni mseme. Sitamuuliza mtu alikuwa upande gani wa gogo.