Balbu Kwanza, Ndipo Bisibisi

Mama Pacha alikuwa amezoea kushona bila kutazama sindano. Macho yake yalikuwa kwenye mikono ya mumewe, fundi wa vinanda vya umeme, aliyekuwa amefungua kinanda cha bendi juu ya meza ya sebuleni.

Kinanda kilikuwa kinavuma hata kabla hakijapigwa. Fundi aliujua ugonjwa wake: kapasita kubwa imechoka, ile inayotuliza umeme ili mvumo wake usiingie kwenye sauti. Zile ndogondogo hazikuwa na kosa. Ndizo zinazofanya sauti ipande taratibu au ichomoke ghafla, na hakutaka mtu azisogelee.

Ile kubwa hubaki na umeme ndani hata waya ukichomolewa ukutani. Kwa hiyo tangu ujanani Fundi aliigusisha kwanza nyaya za balbu. Balbu ikiwaka kidogo ikazimika, umeme umekwisha, mkono unaweza kuingia.

Siku hizi alikuwa akisahau. Kila akisahau, mkewe alimtuma nje kwa sababu ya uongo, akaigusisha balbu mwenyewe, akarudi kwenye nguo zake.

Leo mkewe hakuwahi kumtuma. Bisibisi ilikuwa inashuka.

"Baba Pacha! Balbu!"

Fundi akaruka. "Unataka kuniua kwa kelele? Nimeshaigusisha!"

"Bado."

"Wewe shona. Kazi hii nimeianza hujajua hata kuwasha pasi."

"Sawa, bwana mkubwa. Lete hizo nyaya."

Mkewe akazigusisha kwenye kapasita. Balbu ikawaka, ikafifia, ikazimika.

"Umeichomeka wewe ukutani," Fundi alisema.

Mkewe alinyoosha kidole. Plagi ilikuwa mezani, mbele ya Fundi mwenyewe. Alipoiona, akaketi.

"Jana ulinituma chumvi," alisema. "Na chumvi ilikuwepo."

"Ilikuwepo."

Fundi alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaifuta tena. "Watoto wasijue."

"Ukinifia hapa mezani, nitawaambia nini?"

Fundi aliinamisha kichwa. "Basi kaa karibu. Kila nikishika bisibisi, niulize."

"Utanifokea."

"Nitakufokea. Wewe niulize tu."

Mama Pacha akasogeza kiti mpaka magoti yao yakagusana. Fundi akaanza kulegeza skrubu, polepole, kama mwanafunzi anayeangaliwa na mwalimu. Mkewe alimtazama, roho mkononi. Hakujua kama kesho mumewe angekumbuka kwamba ni yeye mwenyewe aliyeomba aulizwe.