Mgongo wa Kuntai

Nyuma ya duka moja la mbao pale Kitengela kuna jimu ya mabati, na ukimtaja Kuntai humo watu hutabasamu. Mchana aliuza misumari na rangi. Jioni alinyanyua vyuma kwa kishindo mpaka mwenye duka akawa anawaomba wateja radhi. Kocha wake Mwongeli, mwanamke mfupi mwenye maneno makavu, alikuwa anamwandaa kwa mashindano ya taifa. Mshindi wa kila uzito angevaa jezi ya Kenya, na Kuntai, wenzake walimtania, aliitaka jezi hiyo kuliko alivyotaka mke.

Lakini huo ulikuwa mwaka wa ukame. Kila wikendi alikwenda kwa mamake, Nalangu, nje ya mji wa Kajiado, na alfajiri kazi ilimsubiri bomani. Ng'ombe aliyedhoofika kwa njaa akishalala hasimami tena peke yake. Lazima ainuliwe, huyu ashike mkia, yule aingize mikono chini ya kifua, wavute pamoja mpaka miguu ikubali. Asipoinuliwa asubuhi, jioni ni wa kuchunwa ngozi. Siku za wiki jirani yao Kakuta alikuja na wanawe kusaidia. Kuntai akiwapo, Nalangu aliwaambia wapumzike, mwanawe amekuja.

Jumatatu Mwongeli alimuuliza kama amepumzika, naye akajibu amepumzika sana. Wala hakuona kwamba anadanganya. Kwao kuinua ng'ombe hakuitwi mazoezi, hata kazi hakuitwi. Ni mambo ya nyumbani, na mambo ya nyumbani hayapelekwi kwa kocha. Nyumbani nako mashindano hakuyataja. Angeanzia wapi kumweleza mama anayelilia nyasi kwamba yeye huinua chuma kizito, kisha anakirudisha palepale alipokitoa?

Basi Mwongeli akazidi kuongeza uzito, akiamini ana kijana aliyelala vizuri. Alipomwona anainuka kwa shida, uso umekunjamana, alimvuta kando.

"Kuntai, kuna kitu unabeba huko nje? Niambie nibadilishe hii plan."

"Hakuna, coach. Niko sawa."

Jibu hilo analijutia mpaka leo. Kocha wa watu alikuwa tayari kupunguza vyuma, na kilichohitajika ni sentensi moja tu ya kusema ukweli. Lakini Kuntai aliona akipunguziwa atachekwa, akarudi kwenye chuma.

Siku ya mashindano alikuwa wa pili mpaka raundi ya mwisho, ile ya kunyanyua kutoka sakafuni. Chuma kilipita magoti, kisha kitu kikaachia kiunoni, akakaa chini kama mtoto. Walipokuwa wakirudi alimwambia Mwongeli habari zote za ng'ombe. Kocha hakumfokea. Alisema tu kwamba angejua mapema, angempa mazoezi mepesi Jumatatu na Jumanne, na jezi labda ingekuwa yake. Kuntai alitamani afokewe.

Kuntai hakumpigia mamake simu. Aliona haya, akajiambia atamweleza ana kwa ana.

Wikendi iliyofuata alimkuta Nalangu amesimama bomani, na ng'ombe wao wa mwisho wa maziwa amelala ubavu. Kuntai alipiga magoti, akaingiza mikono chini ya kifua cha mnyama na kujaribu. Maumivu yalimkata pumzi. Alijaribu tena, machozi yakamtoka, na ng'ombe hata hakutikisika.

"Yeyo, siwezi," alimwambia mamake. "Niliumia mgongo. Tumwite Kakuta."

Nalangu aliketi chini karibu na kichwa cha ng'ombe.

"Kakuta amehama jana na watoto wake, wamefuata nyasi," alisema. "Aliniuliza kama wabaki siku kidogo wanisaidie. Nikamwambia waende tu, mimi niko na wewe."